Kutoka Mathari hadi mashamba ya chai

Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, hapakuwa na dawa yoyote duniani ya kunyamazisha sauti anazosikia mgonjwa wa akili. Aliyezidiwa alihangaikiwa na waganga nyumbani, au akasafirishwa hadi Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wagonjwa. Wamishonari walipofungua Hospitali ya Tenwek, Bomet, mwaka 1937, dawa hizo zilikuwa bado hazijagunduliwa.

Zilianzia Paris. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao klopromazini, wakatulia. Mwaka 1958 Ubelgiji ikatoa haloperidoli, kisha ikaja sindano ya flufenazini, Modecate, iliyotiwa kwenye mafuta ili dawa isambae polepole mwilini kwa wiki kadhaa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliruhusu matibabu haya yatolewe katika hospitali za kawaida. Mgonjwa akaweza kudungwa karibu na kwao, mara moja kwa mwezi hivi, akarudi kuchuma.

Lakini mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mikono ikitetemeka kwa sababu ya dawa, viungo vikikakamaa, au miguu ikikosa utulivu hata ashindwe kusimama kwenye mstari wake, kikapu hakijai, na nyapara huona uvivu tu. Klopromazini nayo hufanya ngozi iungue upesi juani. Ndipo mtu huacha dawa kimyakimya, na ugonjwa hurudi.

Inauma, kwa sababu mengi ya madhara hayo yanatibika. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza Artane ya kulegeza misuli. Shingo ikipinda au macho yakakwama yakitazama juu siku chache baada ya kuanza dawa, hayo si majini. Hospitalini kuna sindano ya kuondoa hali hiyo upesi. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na akili kuvurugika ni dharura ya siku hiyohiyo. Ulimi au midomo ikianza kuchezacheza yenyewe baada ya miaka ya matibabu, mhudumu aambiwe mapema, maana hali hiyo huweza kubaki.

Wapo pia wanaopewa flufenazini ya maji ya kunywa. Hiyo haichanganywi na chai, hata hapa Kericho: tanini ya majani huigandisha.