Saa ya Kuondoka

Wanafunzi wangu wa ualimu, nilipowauliza ni jambo gani gumu katika kurusha roketi, aghalabu walijibu: nguvu. Nguvu ni lazima, lakini haitoshi. Mambo yaliyotokea Desemba 1965 yanatufunza kwamba roketi ikiondoka saa isiyo yake, haifiki inakokwenda.

Tarehe 4 ya mwezi huo Wamarekani Frank Borman na James Lovell walirushwa kutoka Florida ndani ya chombo Gemini 7, wakae angani siku 14. Wenzao, Walter Schirra na Thomas Stafford, walitakiwa kuwafuata kwa Gemini 6 na kuwakaribia huko huko juu. Waondoke saa ngapi? Hapo ndipo penye elimu, msomaji wangu. Njia ya chombo angani haiburutwi na dunia. Dunia hujizungusha chini yake. Basi kituo cha kurushia huja chini ya njia ile kwa nyakati maalumu tu, na roketi huzingoja kama jahazi lingojavyo maji kujaa. Wakati ukipita, itabidi kupinda njia angani, na kupinda huko hula mafuta mengi mno.

Tarehe 12 injini ziliwaka, zikazimika baada ya sekunde moja na kitu: plagi ilichomoka kabla ya wakati. Saa ya ndani ikaanza kuhesabu kana kwamba wameruka. Kanuni ilimtaka Schirra avute pete, viti viwatupe nje. Hakuvuta. Mwili wake haukuhisi mwendo wowote, naye akatulia juu ya matangi yaliyojaa mafuta. Angevuta, chombo kingeharibika na miadi ingevunjika.

Tarehe 15, saa 2:37 asubuhi kwa saa za huko, waliondoka. Walianza kilomita zipatazo 1,900 nyuma ya wenzao, lakini katika njia ya chini zaidi, ambako mzunguko humalizika upesi. Hivyo wakazidi kuwakaribia. Baada ya saa 6 hivi walikuwa pamoja, na vyombo vikasogeleana hadi kiasi cha sentimita 30.

Subira yavuta heri, nasi husema hivyo kwa wepesi. Saa ya kuondoka Schirra alipigiwa hesabu na wataalamu. Saa ya kutulia kitini aliijua peke yake.