Ireland: kutoka mipira mirefu hadi kulea chipukizi nyumbani

Jack Charlton, kocha wa Jamhuri ya Ireland kuanzia 1986 hadi 1996, hakupenda pasi nyingi katikati ya uwanja. Mpira ulipigwa mbali, nyuma ya mabeki, kisha wachezaji wakawabana wapinzani huko huko. Mtindo huo uliilaza Uingereza 1-0 katika Euro 1988, ukaifikisha Ireland robo fainali ya Kombe la Dunia 1990 bila kushinda mechi yoyote ndani ya dakika 90.

Wengi wa wachezaji wale walizaliwa Uingereza katika familia zenye asili ya Ireland. Vijana waliozaliwa Ireland kwenyewe nao walivuka bahari mapema kwenda kulelewa na vilabu vya Uingereza.

Uingereza ilipojiondoa Umoja wa Ulaya, mlango huo ulifungwa. Tangu 2021, vilabu vyake haviwezi kumsajili kijana wa Ireland kabla hajatimiza miaka 18. Ndiyo maana mshambulizi Mason Melia, aliyenunuliwa na Tottenham mwaka 2025, alibaki St Patrick's Athletic ya Dublin hadi Januari 2026.

Sasa vilabu vya nyumbani ndivyo vinavyobeba mzigo wa makocha, viwanja na gharama. Mtindo wa timu ya taifa ya kesho utategemea malezi hayo.