Kibao cha Dirishani: Wasaidizi wa Madaktari wa Meno Walivyotoka Mbali

Ukiingia kliniki ya meno Marekani leo, anayekupokea chumbani mara nyingi si daktari. Ni dada mmoja mwenye barakoa na glovu. Anakukalisha, anakufunga kitambaa kifuani, anauliza kama una mzio wa dawa yoyote, anakupiga eksirei, kisha anapanga vyuma kwenye sinia kwa mpangilio anaoujua yeye. Daktari anaingia, anachimba, anaziba, anaondoka zake kwa mgonjwa mwingine. Dada anabaki na wewe mpaka ganzi inaanza kuisha.

Wagonjwa wengi hutoka pale bila kujua anaitwa nani. Na kumbe kazi yake ilianza hivyohivyo, bila jina.

New Orleans, 1885

Miaka hiyo, mwanamke aliyejiheshimu hakwenda kwa daktari wa meno peke yake. Picha yenyewe ilitosha kuzua maneno: mlango umefungwa, mwanamke ameegemea kiti mdomo wazi, na mwanamume asiye ndugu yake ameinama usoni pake. Kwa hiyo ilibidi asindikizwe na mume, kaka au mama mkwe. Asipopata wa kumsindikiza, jino linauma na yeye anavumilia.

Daktari mmoja wa New Orleans aliona kwamba anapoteza wateja kwa sababu hiyo. Akaajiri mwanamke akae ndani ya kliniki, kisha akaweka kibao dirishani kuwaambia wapita njia kwamba humu ndani yupo mwanamke anayehudumu. Basi. Wanawake wakaanza kuingia wenyewe, na madaktari wengine wakaiga.

Sasa tazama kibao kile kilisema nini. Hakikumtaja jina wala hakikusema anajua kufanya nini. Sifa yake ya kuajiriwa ilikuwa moja tu, kuwa mwanamke na kuonekana. Kazi ndogondogo za kliniki, kama kufagia na kutumwa, zilizoeleka kuwa za vijana wa kiume. Yeye aliletwa kama shahidi.

Lakini mtu hawezi kukaa chumba kimoja na kazi miaka yote asiijue. Taratibu akaanza kuchanganya dawa ya kuzibia, kushika taa, kupokezana vyombo na daktari, kuandika miadi na hesabu. Shahidi akawa fundi, ingawa kibao dirishani hakikubadilika.

Daktari huyohuyo aliingia kwenye historia kwa jambo jingine. Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya dunia kusikia habari za eksirei, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Marekani kupiga picha za meno kwa mionzi hiyo. Hakuna aliyejua hatari yake. Alikuwa akiweka mkono wake mwenyewe mbele ya mashine ili kuirekebisha. Saratani ikala vidole, kisha mkono. Baada ya operesheni nyingi na miaka ya maumivu, akafariki mwaka 1928. Kisa hicho kiweke akilini, kitarudi mbele.

Njia panda ya Connecticut

Mwaka 1906, katika mji wa Bridgeport, Connecticut, daktari mwingine alimfundisha msaidizi wake, ambaye pia alikuwa binamu yake, namna ya kusafisha meno ya wagonjwa. Lilikuwa jambo la kushtua. Msaidizi aingize chombo mdomoni mwa mtu?

Daktari hakurudi nyuma. Mwaka 1913 alifungua shule ndani ya banda la magari jirani na kliniki yake, na wahitimu 27 wakamaliza mwaka uliofuata. Wengi waliajiriwa kwenda kusafisha na kukagua meno ya watoto katika shule za mji. Mwaka 1917 yule binamu akapewa leseni, ya kwanza ya aina yake.

Hapo ndipo njia mbili zilipoachana, na mpaka leo watu wanazichanganya. Aliyepata leseni akawa mtaalamu wa usafi wa kinywa, mwenye wagonjwa wake na kiti chake. Aliyebaki pembeni ya daktari akaendelea kuitwa msaidizi. Hakuwa na shule rasmi wala mtihani. Alichokijua kilikuwa kile alichoamua daktari wake kumfundisha. Akihama kliniki, hana karatasi ya kuonyesha kwamba anajua kitu. Anaanza upya, kwa mshahara wa kuanzia.

Wanajipanga wenyewe

Aliyeliona tatizo hilo vizuri alikuwa msaidizi mwenyewe. Mwaka 1921, mwanamke mmoja aliyefanya kazi hiyo New York aliwakusanya wenzake wakaanzisha chama cha kufundishana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1924, wakati madaktari wa meno walipokutana kwa mkutano wao mkuu Dallas, wasaidizi kutoka sehemu mbalimbali nao walikutana hukohuko na kuunda chama cha taifa. Nguzo zao zilikuwa nne: elimu, ufanisi, uaminifu na huduma.

Angalia nguzo iliyotangulia ni ipi. Wangeweza kuanza na mshahara, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakaona kwamba bila elimu inayopimika, kila daktari atapanga bei anayotaka. Wakaendesha masomo ya jioni baada ya saa za kazi, miguu ikiwa imechoka kwa kusimama kutwa. Mwaka 1948 wakapata bodi ya kutoa vyeti. Zaidi ya miaka sitini baada ya kile kibao cha New Orleans, msaidizi sasa angeweza kufanya mtihani, kufaulu, na kubeba cheti chenye jina lake mpaka kliniki nyingine, hata mji mwingine.

Mashine zikawapa nguvu

Halafu teknolojia ikaingilia kati. Mwaka 1957 drili mpya inayoendeshwa kwa hewa ilianza kuuzwa Marekani. Zile za zamani zilizungushwa kwa mikanda, polepole, zikitetemesha kichwa kizima. Hii mpya ilizunguka zaidi ya mara laki mbili kwa dakika. Jino lilikatwa haraka, ila lilipata moto vilevile haraka, hivyo ilibidi limwagiwe maji muda wote.

Maji yale yaende wapi? Mdomo unajaa kwa sekunde chache. Akahitajika mtu wa kushika mrija wa kuyanyonya, kuzuia shavu na ulimi, na kumpa daktari chombo kinachofuata kabla hajakiomba. Viti navyo vikabadilika, mgonjwa akawa analazwa, daktari na msaidizi wake wakakaa huku na huku. Mtindo huo ukaitwa kazi ya mikono minne. Miaka ya 1960 serikali ya Marekani ikatoa fedha ili vyuo viwafundishe wanafunzi wa udaktari wa meno jinsi ya kufanya kazi na msaidizi. Yaani sasa daktari ndiye aliyekuwa anafundishwa kumtumia yeye.

Zamu nyingine ikaja na UKIMWI. Kabla ya miaka ya 1980, madaktari wengi wa meno walifanya kazi mikono mitupu. Hofu ya maambukizi ikageuza kila kitu, na mwaka 1991 ikatoka kanuni ya kitaifa ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya magonjwa yanayoenezwa kwa damu. Kuanzia glovu, barakoa na namna ya kutupa sindano hadi mashine ya kuchemshia vyombo, utekelezaji wa kila siku uliangukia mikononi mwa msaidizi. Akizembea yeye, kliniki nzima iko hatarini.

Ukitaka kuingia leo

Historia hii yote imo ndani ya mtihani. Cheti cha taifa cha msaidizi wa daktari wa meno Marekani kina sehemu kuu tatu: kazi ya kitini, udhibiti wa maambukizi, na usalama wa mionzi. Ya kwanza inatokana na ile mikono minne. Ya pili ni hofu ya miaka ya 1980. Ya tatu, kumbuka mkono wa yule daktari wa New Orleans.

Kwa vijana waliohamia huko na wanaoona matangazo ya kazi hii kila wakifungua simu, kuna mambo ya kujua kabla ya kutoa hata senti. Kila jimbo lina sheria zake. Yapo yanayoruhusu ujifunzie kazini, na yapo yanayodai kozi au usajili kabla hujagusa mashine ya eksirei. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma masharti ya jimbo unaloishi, kabla ya kusikiliza ahadi za chuo.

Kozi ya cheti kwa kawaida huchukua chini kidogo ya mwaka mmoja. Uliza kama chuo kimeidhinishwa na tume ya ithibati ya elimu ya meno. Tangazo linaweza kung'aa, ada ikawa kubwa, na chuo kikawa hakitambuliki. Asiyesoma chuo bado ana mlango: akiwa amemaliza sekondari, anaweza kukusanya saa 3,500 za kazi, kupata cheti cha kuokoa mtu aliyezimia, kisha akaomba kufanya mtihani uleule. Ndiyo maana uhifadhi rekodi za saa zako tangu siku ya kwanza.

Kwenye usaili uliza nawe. Nani atakufundisha? Cheti kitaongeza mshahara? Chanjo ya homa ya ini aina B ni jukumu la mwajiri kukupa bure kama kazi inakukutanisha na damu, na kliniki inayokwepa swali hilo imeshakujibu.

Mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya wanaofanya kazi hii Marekani ni wanawake, na bado wapo madaktari wanaowatambulisha kwa wagonjwa kama "msichana wangu". Kwa hiyo safari ijayo ukilala kwenye kile kiti, kabla ganzi haijaufunga mdomo, muulize dada anaitwa nani.