Kumuunganisha msaidizi wa AI na kontena za Docker

Wadau, kontena hapa si lile la bandarini: ni programu iliyofungashwa na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi. Docker ilitoka 2013, Kubernetes ya Google 2014. Daraja la kuwaunganisha na AI ni MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024: AI inaomba, seva ya MCP inatekeleza.

Kasheshe ipo kwenye ruhusa. Ukiipa seva hiyo docker.sock, kwa kawaida umeipa mashine nzima (eti "najaribu tu"!). Kwenye Kubernetes mi naanza na ruhusa ya "view": inasoma logi, haifuti kitu, na Secrets haizioni.

Na nyie wa kafe za Musoma, Bunda na Butiama, faili la kubeconfig msiliache kwenye kompyuta ya kafe. Anayekaa baada yako anaingia nalo.