Kuruta au Kadeti? Mafunzo ya Uongozi wa Kijeshi na Vyuo vya Ukanda wa Ruiru na Thika

Kila mara vyuo vikuu vya Kenya vinapokumbwa na migomo, pendekezo moja huibuka tena: wanafunzi wapelekwe Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wakanyooshwe kabla ya kukanyaga darasani. Watetezi wake huitaja miaka ya 1984 hadi 1990, pale waliochaguliwa kujiunga na chuo kikuu walipopitia kwanza kambi za Gilgil na Naivasha, kana kwamba ilikuwa enzi ya nidhamu. Makala haya yanapinga dai hilo, ingawa si kwa hoja iliyozoeleka kwamba jeshi halina la kumfunza msomi. Lina jambo kubwa la kumfunza, na ndilo hasa ambalo mpango wa 1984 uliliacha nje. Wanafunzi wale walifunzwa kama makuruta. Walistahili kufunzwa kama makadeti.

Kuruta hufundishwa kutekeleza amri upesi, kwa usahihi, pamoja na wenzake. Kadeti hupitia hayo hayo mwanzoni, kisha huwekewa mzigo mwingine: kukadiria hali asiyoijua vyema, kuamua kabla taarifa hazijakamilika, na kuwaeleza walio chini yake uamuzi huo kwa namna watakayoweza kuutumia hata yeye asipokuwepo. Kuhusu hili wataalamu hawana ugomvi. Mfumo wa John Adair, uliopokelewa Sandhurst katika miaka ya 1960, humtaka kiongozi aitunze kazi, kikundi na mtu mmoja mmoja kwa wakati mmoja. Ugomvi upo na wale wanaoamini kwamba gwaride lenyewe huzaa uongozi. Hao hawajatuonyesha ni kwa njia gani mguu unaopiga chini sawasawa humpa mtu uwezo wa kuamua.

Tuupime ushahidi wao wenyewe. Mpango wa 1984 ulizaliwa na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambapo baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani kuwashangilia wanajeshi wa anga walioasi. Chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Shabaha ya mafunzo ilikuwa kutuliza, na yaliyofundishwa yaliifuata shabaha hiyo: kwata, mbio za alfajiri, kazi za mikono, mihadhara ya uzalendo. Je, walitulia? Februari 1985 polisi waliuvamia mkutano wa maombi wa wanafunzi wa Nairobi. Novemba 1987 chama chao, SONU, kilipigwa marufuku, mwenyekiti wake Wafula Buke akafungwa, na chuo kikafungwa tena. Kwa kuwa shahada nyingi za wakati huo zilichukua miaka mitatu, sehemu kubwa ya waliokuwa madarasani mwaka 1987 lazima walikuwa wamepita kambini. Huenda mtu akasema kwamba bila kambi mambo yangekuwa mabaya zaidi. Lakini mpango unapowekwa ili kuzuia jambo, na jambo hilo likaendelea, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayeutetea.

Tanzania ilikutana mapema zaidi na fumbo hilo la kuwalazimisha wanafunzi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Utaratibu huo uliendelea hadi 1994, ukasimama, ukarejeshwa 2013. Marekani ilishika njia nyingine: tangu sheria ya 1916, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojiunga na mafunzo ya jeshi la akiba huandaliwa kuwa maafisa. Siushabikii mfumo huo mzima, ila kwa hili ulianza na swali sahihi: mtu huyu atakwenda kuongoza nani?

Utazame ufundishaji wenyewe wa kadeti. Hupewa karatasi yenye mistari michache: adui anadhaniwa yuko ng'ambo ya mto, daraja linahitajika kabla ya mapambazuko. Anaijenga ardhi kwa mchanga. Uzi wa buluu ndio mto, vijiti ndiyo miti. Viongozi wa seksheni wanapiga magoti kuuzunguka mchanga, naye anawapa amri kwa vichwa vitano: hali ilivyo, kazi, utekelezaji, ugavi, kisha uongozi na mawasiliano. Kazi huitamka mara mbili. Anapomaliza, mkufunzi anamgusa bega na kumwambia, "Umekufa." Kisha anamgeukia koplo aliye nyuma kabisa: "Afande wako hayupo. Alitaka nini?" Koplo akibabaika, aliyefeli si yeye.

Mafunzo ya namna hii yana kazi zaidi Ruiru, Juja na Thika, penye vyuo na viwanda, kuliko karibu popote nchini. Mhitimu wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, huenda akakabidhiwa zamu ya usiku kiwandani, watu arubaini chini yake, wengi wamemzidi umri na uzoefu. Amonia ikivuja kwenye chumba cha baridi saa tisa usiku, hakuna wa kumpigia saluti. Anahitaji vile vichwa vitano, na anahitaji fundi wa mwisho kwenye mstari awe ameielewa shabaha.

Mwaka 2015 ulitoa somo chungu zaidi. Tarehe 2 Aprili watu 148 waliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye transfoma ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani, mmoja akafa na zaidi ya mia wakaumia. Novemba, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore liliishia kwa kifo cha mfanyakazi. Siwezi kudai kwamba kozi yoyote ingeyazuia yote hayo. Nadai kwamba kilichokosekana hakikuwa utii. Hapakuwa na mtu katika kila korido aliyejua hali, aliyekuwa na mamlaka, na ambaye wenzake walizoea kuisikia sauti yake.

Wanaohofia vyuo kugeuzwa kambi wana haki ya kuhofu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, kilianzia katika kambi ya Waingereza ya Templer iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965, na safari hiyo kutoka kwa askari kwenda kwa walimu isirudishwe nyuma. Kozi ninayoipendekeza haina sare wala bunduki. Maafisa nao watasema kwamba asiyejua kutii hawezi kuamuru. Ni kweli vitani, lakini mwanafunzi wa Kenya amekwisha kutii kengele, viranja na walimu wa zamu kwa miaka kumi na miwili.

Pingamizi zito kuliko yote halisemwi waziwazi: maarifa ya mbinu yakishaingia kichwani hayarudi ghalani. Waruhiu Itote aliyapata katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) akiwa Burma, akayatumia msituni Mlima Kenya kama Jenerali China, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa NYS hiyo hiyo. Nashuku kwamba waliopanga mafunzo ya 1984 waliikumbuka safari hiyo, na wakaona heri kuwafunza wasomi kutembea kuliko kufikiri kimbinu. Dola inayowaogopa wahitimu wake kiasi hicho inajinyima viongozi inaowahitaji.

Wakufunzi hawako mbali. Thika kuna kambi ya wahandisi wa Jeshi la Nchi Kavu, Ruiru kuna chuo cha maafisa wa magereza. Katika Ruiru hiyo hiyo kilifunguliwa kiwanda cha silaha ndogo Aprili 2021, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 4 na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Kozi ya muhula mmoja kabla ya mafunzo ya viwandani ingegharimu sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Ijaribiwe kwa wanafunzi wa uhandisi, nusu yao waipitie na nusu wasiipitie. Kisha vikundi vyote vipewe zoezi wasilolijua, na katikati yake kiongozi aondolewe. Vikundi vilivyofunzwa visipowashinda wengine kuanzia dakika hiyo, basi tofauti ninayoitetea kati ya kuruta na kadeti haina uzito chuoni, hata kama inao katika chuo cha makadeti cha Lanet, na kozi ifutwe.