Nani Mwenye Majuto? Wahusika Wetu na Biashara ya Majina

Kuna laibrari moja Chumbageni, Tanga, isiyo na kitabu hata kimoja. Ina kompyuta ya mezani, feni, kiti cha plastiki cha mteja, na flashi zimetundikwa msumarini kama funguo za nyumba ya wageni. Anayeingia hutaja anachotaka: filamu za Kihindi zilizotafsiriwa, za Kikorea, za ngumi. Alasiri moja nikiwa nasubiri zamu yangu aliingia mama mmoja ametoka sokoni, akaweka flashi mezani na kutamka neno moja tu: "Majuto." Kijana hakuuliza ipi. Alifungua folda, akaziteua zote, akazinakili, akapokea pesa yake. Mama akachukua kikapu akaenda zake.

Mama yule hakutaja jina la filamu, wala la mtayarishaji, wala la kampuni iliyoisambaza. Alimtaja mhusika. Mwigizaji wake, Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 na kuzikwa kwao Tanga. Majuto, yule mzee wa pwani mwenye hasira zisizomtisha mtu, bado anaingia na kutoka laibrari kila siku. Ndipo swali likanijia: huyu Majuto ni mali ya nani?

Katika nchi ambazo burudani ni kiwanda, swali hilo hujibiwa kabla mhusika hajatoka kwenye karatasi, na waliochelewa kulijibu walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1928 Walt Disney alikuwa na sungura wa katuni aliyeitwa Oswald, na sungura huyo alikuwa anauza. Disney alikwenda New York kuomba malipo bora kwa kila filamu. Huko aligundua kwamba haki za Oswald zilikuwa mikononi mwa Universal, na kwamba msambazaji aliyefanya naye kazi, Charles Mintz, alikuwa amekwisha kuwachukua wachoraji wengi wa Disney. Alirudi bila sungura. Mwaka huohuo alimtoa panya, Mickey, na safari hii alihakikisha jina na sura vimebaki kwake. Oswald alirejea kwenye kampuni ya Disney mwaka 2006, miaka 78 baadaye, katika mabadilishano yaliyomhusu mtangazaji wa michezo, Al Michaels. Mtangazaji alikwenda kule, sungura akaja huku.

Kisa hicho huchekesha, lakini kinaonyesha kinachonunuliwa hasa. Disney ilipoichukua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, na Lucasfilm mwaka 2012 kwa kiasi kama hicho, haikuwa inanunua filamu zilizokwisha kutazamwa tu. Ilinunua wahusika: haki ya kuwafufua, kuwapa watoto, kuwachapa kwenye mabegi ya shule, na zaidi ya yote haki ya kusema hapana mtu mwingine akitaka kuwatumia.

Haki hiyo husimama kwa miguu miwili. Wa kwanza ni hakimiliki, ambayo ina mwisho: Mickey wa filamu ya 1928 aliingia katika mali ya umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024. Wa pili ni alama ya biashara, ambayo haina mwisho maadamu mwenyewe anaitumia na kuilipia ada. Katikati ya miguu hiyo ndipo kazi ya kila siku ilipo. Kampuni huandika kitabu kinachoeleza mhusika anavaa nini, anaongeaje, hafanyi nini. Hutoa leseni kwa muda na kwa bidhaa maalumu, hukusanya mrabaha, na humfuata anayekiuka. Sisi wa Kiswahili tulionjeshwa nguvu ya mguu huo wa pili. Mwaka 1994, filamu ya Simba, Pumbaa na Rafiki ilipotoka, Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, na usajili ukakamilika Marekani mwaka 2003. Wengi wetu tulipata habari mwaka 2018, watu walipoanza kutia saini za kupinga mtandaoni. Hakuna aliyezuiwa kutamka. Ila maneno tuliyoyaona ya kila mtu yalikuwa yamepata mwenyewe katika daftari la ugenini.

Na kwetu je? Kwa wahusika wa karatasi historia si mbaya. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alitoka katika shindano la uandishi na kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walifuata, na Mtobwa akaongeza jambo la busara: alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mhusika, mwandishi na mchapaji wakakaa nyumba moja.

Mfano wa karibu zaidi na desturi ya makampuni ni jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo Watanzania walimokutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliowapa sura wahusika wa jarida hilo, alifariki mwaka 1986. Wahusika hawakuzikwa naye. Mikono mingine ilipokea kalamu, na msomaji aliyenunua toleo lililofuata alimkuta Madenge yuleyule na utundu wake uleule. Bila kitabu cha kanuni wala wanasheria, Sani ilifanya lile linalofanywa na makampuni makubwa: ilimtenganisha mhusika na mwili wa aliyemuumba.

Kwa wahusika wa jukwaani na redioni mambo yalikwenda njia nyingine, kwa sababu mhusika alikaa mwilini. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walichukua majina yao kwenye methali inayojulikana na kila mtoto, lakini waliowafanya Pwagu na Pwaguzi walikuwa ni zile sauti mbili. Kenya, Benson Wanjau alivaa mwili wa Mzee Ojwang katika kipindi cha Vitimbi kwa miaka mingi hadi watu wakasahau jina lake la kuzaliwa. Alipofariki Julai 2015, Ojwang alikwenda naye. Kituo cha televisheni kilibaki na kanda.

Neno hilo, kanda, ndilo ufunguo wa habari nzima. Mzee Majuto alianza kuigiza akiwa mtoto, na jina lake lilienea kwa vichekesho vilivyouzwa kwenye kanda za kaseti kabla video haijawa kitu cha kawaida majumbani. Video ilipokuja, kisha CD, kisha DVD, desturi ya Kariakoo ilikuwa moja: msanii au mtayarishaji alimuuzia msambazaji kazi nzima, akalipwa mara moja, na habari ikaishia hapo. Msambazaji alichapa makava, akasukuma mzigo mikoani, akageukia kazi inayofuata. Alichonunua kilikuwa kanda. Mhusika hakutajwa kwenye karatasi, kama karatasi ilikuwepo.

Wengi husema wasanii wetu walidhulumiwa kwa kuuza sana. Mimi naona tatizo liko upande mwingine: hawakuuza kitu kilichokuwa na thamani kubwa zaidi. Aliyenunua kanda anataka iishe dukani mwezi huu, kwa maana mwezi ujao itakuwa imenakiliwa hadi Horohoro. Aliyenunua au kukodi mhusika ana sababu ya kumlinda kwa miaka 30: asichoshwe kwa filamu tatu za wiki moja, asitiwe katika tangazo linalomvunjia heshima, akiugua atibiwe. Majuto aliigiza filamu kwa wingi usiohesabika na alionekana katika matangazo ya biashara, lakini hakuwahi kuwa na mlezi wa jina lake. Mwaka 2018, katika mwaka wake wa mwisho, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo, pamoja na ya mwigizaji Steven Kanumba aliyekwisha kufariki tangu Aprili 2012. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na hapa methali ilimkuta mwenye jina lake.

Jirani yetu wa Muheza alitufundisha upande wa pili. Hussein Ramadhani Mkiety alipata umaarufu kwa jina la Sharo Milionea: kijana wa mwendo wa kudunda na mapozi ya kitajiri, aliyekutanishwa mara nyingi na Mzee Majuto ili ubishoo ugongane na ushamba. Alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza mwezi Novemba 2012. Baada yake wapo waliouiga mwendo ule, tena vizuri. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa.

Mara moja tu suala hili lilitoka hadharani likaonekana kwa macho. Mwaka 2008 kundi la Ze Comedy, lililokuwa likirusha kipindi chake East Africa TV, lilihamia TBC. Ukazuka mgogoro wa jina. Kundi likaja kujulikana kama Orijino Komedi, na jina la zamani likabaki nyuma. Lakini waigizaji wake, Masanja, Joti na Mpoki, walihama na majina yao, na watazamaji waliwafuata. Siku ile nchi nzima ilijifunza, bila kusoma kifungu hata kimoja, kwamba jina la kipindi na jina la mhusika ni mali mbili tofauti, na kwamba moja inaweza kubaki na kituo na nyingine ikaondoka na mtu. Ali Masoud, mchoraji wa Kipanya, naye alilielewa hilo: alimtoa panya wake gazetini akampeleka kwenye nguo na biashara nyingine, hadi mtu na mchoro wakawa na jina moja.

Nyenzo zipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilianzishwa chini ya sheria hiyo. Alama ya biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi za Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki Juni 1962, zilifika kikomo mwaka 2012, na Adili na nduguze wanaweza kuchorwa leo na kijana yeyote wa Chumbageni mwenye penseli. Kwa Majuto, kwa yale aliyoyatunga mwenyewe, saa hiyo itafika 2068. Swali ni nini kitakuwa kimeorodheshwa hadi hapo.

Tanga husifiwa kwa usemi wa waja leo waondoka leo. Wahusika wake walikuja wakakaa. Kilichoondoka siku ileile ni karatasi.

Nilirudi laibrari wiki iliyofuata nikamwomba kijana anionyeshe lile folda. Alilipanga mwenyewe, kwa subira: filamu za Mzee peke yake, filamu za Mzee na Sharo, vichekesho vifupi, matangazo, hata sauti chache zilizotolewa kwenye kaseti na mtu asiyemkumbuka. Mengine ameyaandika mwaka. Hana leseni, wala hajui kama inahitajika. Nikahesabu majina mpaka nikachoka. Sijaona orodha nyingine ya kazi za Amri Athumani iliyokamilika kuliko ile.