Vifaru wa Makueni

Kufikia miaka ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa imechoka. Walowezi wa Kizungu walikuwa wameshika sehemu nzuri, kama vile vilima vya Mua, nao Wakamba wakasongamana katika eneo walilotengewa, hata malisho yakaisha na mvua ikachukua udongo. Mwaka 1938 serikali ilitoa dawa yake: ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza umati mkubwa hadi Nairobi kumlalamikia Gavana. Yeye alihamishiwa Lamu, na mpango ule ukaachwa baadaye. Lakini nyasi hazikurudi.

Ndipo macho yakageukia Makueni, iliyokuwa wakati huo sehemu ya wilaya ya Machakos. Lilikuwa pori la miiba, lenye mbung'o na vifaru wengi. Ili watu wapate kuhamia huko, serikali ilimtuma mwindaji wake, J. A. Hunter, naye kati ya mwaka 1944 na 1946 akaua vifaru wapatao elfu moja. Msomaji na alinganishe: vifaru weusi wa Kenya nzima leo ni kama elfu moja tu.

Je, kulipotea nini? Wako wajibuo kwamba tulipoteza mali, kwa kuwa kifaru huvuta watalii. Jibu hilo halinitoshi. Kipimo hicho hicho cha faida ndicho kilichomhukumu kifaru mwaka 1944, wakati shamba lilipoonekana kuwa na faida kuliko yeye. Thamani itokayo mfukoni mwetu hupanda na kushuka pamoja na mfuko.

Wakamba walikuwa na mathembo, vichaka vya kutambikia, ambamo haikuruhusiwa kukata mti hata kuni zilipokuwa haba. Wengine husema kwamba hapo mti uliheshimiwa kwa ajili yake wenyewe. Nionavyo mimi, sivyo hasa: walioheshimiwa ni aimu, yaani roho za wazee, na mti ulikuwa makao yao. (Hata hivyo kichaka kilisalimika, na ndege waliojenga humo hawakuuliza sababu.)

Kifaru jike hutafuta maji, humlinda ndama wake, na kuchagua kivuli. Mambo hayo ni mema kwake, awepo mtu wa kuyatazama au asiwepo. Na chenye wema wake chenyewe hakingoji sisi tukipe thamani. Lakini mtoto wa Mkamba naye alikuwa na njaa, wala sithubutu kumlaumu baba yake kwa kuhamia Makueni. Haki zilikuwa mbili, na daftari la serikali liliandika moja tu. Tena waliosababisha msongamano hawakuhamishwa vilimani: deni lao alilipa kifaru.

Hunter mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1952, alijiuliza kama ekari chache za shamba zilistahili mauaji yale, naye hakupata jibu.